Lori Ambalo Sijawahi Kuliendesha

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kilichowakosesha raha mwezi uliopita kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama ana afya njema, anakula vizuri, na tangu apate miwani mipya anaona hata yale ambayo nisingependa ayaone. Mimi nami sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kwa mwalimu wa udereva ndilo hutangulia kuzeeka.

Utashangaa kupokea barua wakati simu zipo. Sababu ni wewe mwenyewe. Kwenye simu sifiki sentensi ya tatu kabla hujaniambia nifanye nini. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho, na hasira zako ziweke pembeni hadi utakapoiona sahihi yangu.

Habari yenyewe ni kesi. Usishtuke, imekwisha. Ilianza Jumatano moja, miezi mitano iliyopita, nikiwa barabarani na mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima, ambaye habari zake nitakueleza mbele. Tulikuwa tunateremka ule mteremko wa baada ya kiwanda cha matofali. Kibao cha hamsini kipo pale tangu tukiwa watoto. Chini ya mteremko alisimama askari wa barabarani na kile kifaa chao cha kupimia mwendo, ambacho madereva wanakiita tochi. Akatusimamisha. Mbele yetu lilikuwa limeegeshwa lori la mchanga, na dereva wake ameshuka anabishana, mikono juu, anaapa kwamba lori lile hata likisukumwa na malaika haliwezi kufika mwendo ule. Askari akamaliza kumwandikia, akaja kwetu na kitabu kilekile mkononi. Alituonyesha namba kwenye tochi: sitini na tatu. Nikasema sawa. Sikubishana kwa sababu ilikuwa kweli, na pia kwa sababu askari aliyetoka kugombana na dereva wa lori si mtu wa kuongezewa maneno.

Sheria, kama hujui, inasema mwanafunzi akikosea aliyekosea ni mwalimu. Ndiyo maana upande wangu wa gari kuna breki na klachi za ziada. Basi askari akachukua jina langu na namba ya leseni yangu, akaandika kitabuni, akatuambia notisi itaniletea salamu kazini. Siku hizi hawakupi karatasi palepale. Nakala inapelekwa ofisini kwao, karani anaichapa kwenye kompyuta, kisha inatumwa. Nikajua nimepata faini ndogo na aibu kidogo, nikarudi kazini.

Notisi ilifika baada ya wiki tatu. Aliyeifungua ni mwenye chuo, yule mzee tunayemwita Bwana Klachi kwa kuwa miaka thelathini hajapiga kelele ya neno jingine. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Jina lilikuwa langu na namba ya leseni yangu. Yaliyobaki sijui yalitoka wapi. Aina ya gari: lori la tani saba. Rangi: bluu. Namba za gari ambazo sijawahi kuziona. Jinsia ya dereva: mwanamume. Mwendo: kilomita tisini na moja kwa saa. Kaka, nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha choo cha ofisi, nikarudi nikawahakikishia wenzangu kwamba mwanamume si mimi. Na kigari chetu cheupe unakijua: kikifika themanini kinatetemeka milango.

Tulicheka sana. Bwana Klachi ndiye aliyeacha kucheka kwanza, kwa sababu ndiye aliyesoma mpaka chini. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwalimu wa udereva anayezidisha mwendo kwa kilomita arobaini au zaidi ananyang'anywa beji ya kufundisha moja kwa moja, wala hapewi tena, isipokuwa apeleke pingamizi ndani ya siku kumi na nne. Bahasha ilikuwa imetembea siku tisa kabla ya kunifikia. Zilibaki tano. Nimefundisha miaka kumi na mmoja, Kaka. Bila beji ile mimi ni mwanamke anayejua kupiga kelele ndani ya gari, na hiyo si kazi ya kulipwa.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye ofisi zao. Dirisha namba nne lilikuwa wazi, na sweta limetundikwa mgongoni mwa kiti. Sweta lilikuwa kazini, mwenyewe hakuwepo. Aliporudi alisoma notisi yangu taratibu, akaniambia kompyuta haikosei. Nikamuuliza kama hapo mbele yake anaona mwanamume. Akaniangalia kwa makini, kweli kama mtu anayetaka kutenda haki, kisha akasema mambo ya jinsia yapo dirisha la saba. Dirisha la saba nikamkuta bwana mmoja mpole, ana mvi. Alisema anaweza kunirekebishia jinsia mara moja, na aina ya gari pia, na rangi. Nikamshukuru. Akaniuliza kama nina akili timamu. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba akirekebisha makosa yale notisi itakuwa safi, na ikiwa safi haipingiki tena, na mwendo wa tisini na moja utabaki palepale kwa kuwa mwendo haurekebishwi na dirisha lolote. Akanishauri nisikubali kurekebishiwa kitu na mtu yeyote, hata akinibembeleza. Nikaomba fomu ya pingamizi. Sehemu ya kuandika sababu ilikuwa na mstari mmoja tu. Niliujaza, nikaendelea pembeni, nikapanda juu, nikaishia karibu na nembo.

Nikapangiwa siku ya kusikilizwa, mwezi mzima mbele. Mpaka siku hiyo beji yangu ikashikiliwa. Bwana Klachi hakunifukuza, Mungu ambariki, ila alinikalisha ofisini niandike kadi za masomo. Na wewe unanijua, mimi si mtu wa kukaa. Nilikuwa nikisikia magari yetu yakitoka na kurudi, gia zinalia, na mguu wangu unakanyaga klachi isiyokuwepo chini ya meza.

Lakini kila jambo na faida yake. Kadi zetu zinaandikwa kwenye kitabu. Kila kadi ina karatasi mbili, na katikati unaweka kaboni ili nakala ijichape. Siku ya nne, kwa hasira zangu tu, niliacha kaboni nyingine imelala chini zaidi, juu ya kadi iliyofuata ambayo ilikuwa bado tupu. Nikamwandikia mwanajeshi mmoja mstaafu anayejifunza kuendesha gari lenye tela. Nikafunua, nikamwandikia mwalimu mmoja wa shule, mjamzito, anayejifunza gari dogo. Sikuangalia kwamba maandishi ya mwanajeshi yalikuwa yameshajichapa pale. Kesho yake mwalimu wa watu akaja saa kumi na mbili asubuhi, tumbo mbele, anauliza ni kwa sababu gani amepangiwa kurudisha tela nyuma masaa mawili.

Nilimwomba radhi. Kisha nikaitazama ile kadi, maandishi mawili yamepandana, ya kaboni chini na ya kalamu juu. Nikamkumbuka yule askari. Nikalikumbuka lori la mchanga. Lilikuwa la bluu.

Siku ya kesi tulikwenda mimi na Bwana Klachi, ambaye alivaa koti. Chumba kilikuwa kidogo, viti vya mbao, feni moja inayozunguka bila kusaidia. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio. Askari alikuwepo na kitabu chake. Na kwenye benchi la nyuma kabisa niliona yule mwanafunzi wangu ameketi, mkoba mapajani, ingawa nilimkataza asije na aliniahidi kwamba haji.

Niliposimama niliomba jambo moja tu: kitabu cha askari kifunguliwe, lakini kwanza ukurasa unaotangulia wa kwangu. Askari akafungua. Hakimu akasoma kwa sauti: lori, tani saba, bluu, mwanamume, tisini na moja, na namba za gari zilezile zilizoko kwenye notisi yangu. Kisha akafunua ukurasa wangu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi ya lori yalikuwa pale chini, hafifu ya kaboni, na juu yake kalamu ya askari akiniandika mimi. Karani wa ofisini alikuwa ameokota alichoweza kusoma, mstari huu kutoka juu, mstari ule kutoka chini, akanizaa upya nikiwa dereva wa lori. Nilieleza habari ya kaboni na habari ya mwalimu mjamzito. Hakimu alicheka kidogo akijificha nyuma ya penseli. Askari mwenyewe, nisimseme vibaya, alikiri kwamba siku ile aliweka kaboni haraka kwa sababu dereva wa lori alikuwa akimpigia kelele sikioni.

Hakimu akajaribu kusoma mwendo wangu halisi. Alisema huenda ni sitini na tatu, huenda ni sitini na nane, huenda ni herufi za jina la mtu. Akamuuliza askari kama anakumbuka. Askari akasema siku ile aliandika magari zaidi ya ishirini, hawezi kuapa. Basi hakimu akasema kwa karatasi ile hawezi kumhukumu hata mbuzi, notisi yote inafutwa, beji yangu nirudishiwe. Kisha akauliza, kwa utaratibu tu, kama nina la kuongeza. Bwana Klachi akanifinya. Nami nilifungua mdomo kusema sina. Nakuambia ukweli, Kaka. Nilikuwa nasema sina.

Kabla neno halijatoka, yule mwanafunzi wangu akasimama kule nyuma. Kwa sauti ya mtu anayewaita watoto waje kula, akasema mwendo ulikuwa sitini na tatu, ameuona kwa macho yake mwenyewe na ana miwani mizuri, na aliyekanyaga mafuta ni yeye. Akasema mwalimu asionewe kwa mwendo wa lori, lakini pia asisafishwe kwa karatasi mbovu, kwa sababu kosa lilikuwepo. Askari wa mlangoni akataka kumkalisha. Hakimu akamzuia, akamwita mbele, akamuuliza umri. Akasema sitini na sita. Akamuuliza ana uhusiano gani na mshtakiwa, ukiacha masomo. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyenizaa.

Naam, Kaka. Umesoma sawasawa. Ni Mama.

Usisimame. Bado sijamaliza, na lililobaki ndilo zito. Wiki moja baada ya kumzika Baba ulikusanya vitu, ukafunika gari lake turubai pale uani, ukaondoka na ufunguo. Ulisema uzee na usukani havipatani, na kwamba Mama akitaka kwenda popote aniambie mimi. Ulisema hayo mbele yake ukinitazama mimi, kama vile hayupo. Nilikasirika siku ile nikanyamaza, maana wewe ni mkubwa, na Mama naye alinyamaza. Lakini ile hasira haikwisha. Mwaka mzima nilimwona asubuhi akifagia kulizunguka gari lile, anainua pindo la turubai, anafagia chini yake, analirudisha. Siku moja aliniuliza, bila kuniangalia, kwamba klachi inakuwa upande gani. Kesho yake nikamwandikia kadi ya masomo. Nikaweka jina lake la usichana ili Bwana Klachi asihoji. Alihoji, na nilipomwambia alisema ni vizuri, mama mzazi hapigiwi kelele, ngoja tuone nitafundishaje kwa adabu.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Kila akikosea alisema gari limekosea. Miezi miwili hakukubali kupita gia ya tatu. Nilimwambia ya nne haiumi, akasema hana haraka, wanaomsubiri wote wameshazikwa. Alisema hivyo kama utani, sikuweza kucheka.

Sasa Jumatano ile, juu ya mteremko, aliingiza gia ya nne mwenyewe. Sikumwambia. Gari likalainika, injini ikatulia, akashangaa jinsi lilivyonyamaza. Akaanza kuimba, Kaka. Ule wimbo aliokuwa akituimbia akinisuka, mimi nikilia na wewe ukinicheka. Mara ya mwisho kumsikia akiimba Baba alikuwa hai. Nikaona mshale unapita hamsini. Nikaona hamsini na tano. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki yangu. Barabara ilikuwa tupu, lakini hiyo si hoja, mimi ndiye ninayewafundisha watu kwamba hiyo si hoja. Sikukanyaga. Ningemkanyagia angenyamaza, na mimi sikutaka anyamaze.

Hayo ndiyo niliyomwambia hakimu, Mama akiwa amesimama kando yangu na mkoba wake. Maana alishajitwika kosa lote, na sikuweza kumwacha aende nalo. Hakimu aliniuliza kama breki ya mwalimu ilikuwa inafanya kazi. Nikajibu breki ilikuwa nzima, aliyekuwa hafanyi kazi ni mwalimu. Bwana Klachi akajifunika uso kwa koti. Hakimu alitoa penseli sikioni, akaandika kwa muda mrefu, akasema mwendo ni sitini na tatu, dereva wa lori ana notisi yake, mimi nipate onyo la maandishi kwenye faili langu na faini ya kawaida, na nikirudi mbele yake tena nisimletee hadithi. Beji nimebaki nayo. Leseni ya kujifunzia ya Mama ikasimamishwa miezi miwili. Alipomwambia hivyo, hakimu alimwita mama. Mama akamshukuru, kisha akamwambia feni yao inahitaji kupakwa mafuta.

Nje nilitaka kumkasirikia. Nilimwambia tulikuwa tumeshinda. Akaniambia mimi nilishinda, yeye alikuwa anafichwa, na amechoka kufichwa kama kosa. Akasema mtu wa kwanza kumuuliza kitu na kusubiri ajibu tangu Baba afe ni yule hakimu. Nilidhani ni wewe peke yako uliyemnyamazisha, kumbe na mimi, kwa siri zangu zote nilizodhani ni wema.

Kwa hiyo siri zimekwisha. Miezi miwili ilipita, akarudi darasani, na Jumatatu iliyopita amefanya mtihani. Amefaulu. Msimamizi aliandika kwamba anaegesha vizuri kuliko vijana, ila anaongea sana na magari ya wenzake. Gari la Baba fundi amelikagua, amebadilisha betri na matairi. Ufunguo ulioondoka nao haukutuzuia, fundi wa makufuli alitengeneza mwingine kwa nusu siku. Tumeendesha barabara ya kuja kwako mara mbili, mimi pembeni, yeye kwenye usukani. Mara zote mbili tulifika kwenye kona ya nyumba yenu, akasimamisha gari, akatazama geti, akasema bado, tukageuza.

Leo nimebaki nyumbani. Huyo aliyekukabidhi barua hii hakuletwa na mtu. Kilomita mia moja na arobaini, peke yake, kwa gari la Baba. Bila shaka sasa ameketi sebuleni anawauliza watoto habari za shule na kukutazama kwa pembe ya jicho ukisoma. Ana hofu na wewe, Kaka. Mimi hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kesi yote, kwamba mama yetu anaweza kusimama mbele ya hakimu asitetemeke, na mbele ya mtoto wake wa kwanza akageuza gari mara mbili.

Nakuomba usimpigie mahesabu ya ajali wala usinipigie mimi simu kunigombeza, siku zipo. Nyanyuka tu, uende ulipoweka ule ufunguo. Mama hauhitaji, anao wake. Anataka aupokee kutoka mkononi mwako.

Nisalimie sana wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawadai barua. Bwana Klachi anakusalimu, na anasema nafasi za Jumamosi bado zipo ukitaka kunolewa upya. Pokeeni salamu zangu zote, na mpeni Mama chai kabla hajaanza kusema hana njaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba